Unapodhani unakufa: Ijue hofu ya kifo na namna ya kuikabili

NI saa nane za usiku. Mtaa umetulia, matatu zimenyamaza na hata mbwa wa jirani amelala. Ghafla unagutuka usingizini. Moyo unadunda kama ngoma, kifua kimebana, vidole vimekufa ganzi na jasho linakutiririka ilhali huu ni usiku wa baridi ya Julai. Wazo moja tu ndilo linalokujia: "Leo ndiyo siku yangu." Unaketi kitandani, unawatazama watoto waliolala na kujiuliza ni nani atakayewalipia karo. Baada ya robo saa hivi mambo yanatulia. Hukufa. Lakini tangu usiku huo hukupata tena amani.

Ndugu msomaji, ikiwa hali hii umewahi kuipitia, somo la juma hili ni lako. Ikiwa hujaipitia, huenda kuna mtu wa nyumbani kwako anayeipitia na hajakwambia.

Kisa cha Fundi

Tumwite Fundi. Si mtu mmoja. Tumemtunga kutokana na mambo yanayowapata wengi, lakini ukiishi Eastlands huenda ukadhani unamfahamu.

Fundi ana umri wa miaka 34. Anaishi Jericho na mkewe na watoto watatu, na kazi yake ni kushona nguo huko Gikomba. Mwezi mmoja baada ya kumzika kakake, alikuwa ndani ya matatu iliyokwama katika msongamano wa Landhies Road. Moyo ukaanza kumwenda mbio. Akahisi pumzi zinamwishia. Akapiga kelele ashushwe, akaketi kando ya barabara akisubiri kufa. Makanga akamcheka. Baadaye akainuka, miguu ikimtetemeka, akarejea nyumbani kwa miguu.

Tangu siku hiyo Fundi hakupanda tena matatu. Alitembea asubuhi na jioni, na siku ambazo mvua ilinyesha hakwenda kazini kabisa. Katika zahanati ya kwanza aliambiwa ana taifodi, akadungwa sindano. Katika ya pili aliambiwa ni presha. Katika ya tatu alipimwa moyo kwa mashine, akaambiwa hana kitu, "ni mawazo tu", akalipa na kuondoka. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa ameuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Mkewe alishuku kuna mwanamke wa nje, kwa sababu usiku mumewe hakulala na mchana hakusema. Alichokuwa akikificha ni kitu kimoja tu: kwamba yeye, mwanamume mzima, anaogopa.

Hofu ya kawaida na hofu iliyopita mpaka

Kila binadamu huogopa kifo. Hofu hiyo ndiyo inayokufanya utazame huku na huku kabla ya kuvuka Jogoo Road, na ndiyo inayompeleka mama kliniki mtoto anapopata homa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walijua kwamba hofu kidogo ni mlinzi.

Tena mkaazi wa Eastlands ana sababu za kukikumbuka kifo. Ni nadra juma kupita bila mchango wa mazishi mahali fulani kati ya Kaloleni na Kayole, na bila basi kuondoka usiku likiwa na jeneza na waombolezaji kuelekea mashambani. Wako waliosimama Huruma usiku wa Aprili 29, 2016 jumba la ghorofa lilipoporomoka na kuua watu wapatao 50. Wako waliofungiwa Eastleigh mwezi Mei 2020, wakati serikali ilipopiga marufuku watu kuingia na kutoka mtaa huo kwa sababu ya korona. Mtu aliyepitia hayo akifikiria kifo, hana wazimu.

Hofu hugeuka kuwa maradhi pale inapoanza kukunyang'anya maisha unayoogopa kuyapoteza. Jiulize maswali haya:

- Je, fikira za kufa hunijia karibu kila siku, hata nisipokuwa na sababu?
- Je, nimeacha kwenda mahali fulani, kupanda gari, kulala peke yangu au kuhudhuria mazishi kwa kuogopa kufa?
- Je, hugusa mpigo wa moyo wangu au kujipima presha mara kwa mara?
- Je, nimeenda kwa zaidi ya daktari mmoja nikaambiwa sina ugonjwa, nami nikakataa kuamini?
- Je, hali hii imedumu kwa majuma mengi na kuathiri kazi, usingizi au ndoa yangu?

Ukijibu ndiyo kwa maswali mawili au zaidi, usijihukumu kuwa mgonjwa. Maswali haya ni ya kukuongoza tu, si kipimo cha hospitali. Lakini endelea kusoma.

King'ora kinacholia bila mwizi

Hali iliyompata Fundi ndani ya matatu huitwa shambulio la hofu. Ili kuielewa, fikiria gari lililoegeshwa usiku huko Buruburu. Paka anaruka juu ya boneti, king'ora kinalia, mtaa mzima unaamka. Kelele ni za kweli kabisa. Mwizi ndiye hayupo.

Mwili wako pia una king'ora. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mtaalamu Mmarekani Walter Cannon alionyesha kwamba kazi ya hali hii ni kumtayarisha mnyama apigane au akimbie. Moyo hupiga kwa kasi ili kupeleka damu miguuni na mikononi. Pumzi huongezeka ili misuli ipate hewa. Jasho hutoka ili kupoza mwili. Tumbo huacha kazi yake, ndiyo sababu mtu huhisi kichefuchefu. Ungekuwa unamkimbia simba, ungeishukuru adrenalini hiyo.

Shida huja king'ora kinapolia nawe umeketi tu. Unapumua kwa kasi lakini hukimbii, kwa hivyo unatoa nje hewa ya kaboni kupita kiasi. Kiwango chake kikishuka katika damu, mishipa inayoelekea kwenye ubongo hujibana kidogo. Ndipo kizunguzungu kinapokuja, vidole na midomo ikafa ganzi, na dunia ikaonekana kama ndoto. Kadiri unavyoivuta hewa kwa nguvu ukidhani huna pumzi, ndivyo hali inavyozidi.

Hapo ndipo mduara mbaya huanza. Mnamo mwaka wa 1986, mwanasaikolojia Mwingereza David Clark aliueleza mduara huo hivi: mtu huhisi badiliko dogo mwilini, analifasiri kuwa dalili ya kifo, fasiri hiyo inamtia hofu, hofu inamwaga adrenalini zaidi, na adrenalini inaongeza zile dalili zenyewe. Kwa maneno mengine, kinachozidisha moto ni tafsiri ya mwenye moyo.

Jambo hili si geni wala si la watu dhaifu. Mnamo 1871 daktari Jacob Mendes Da Costa wa Marekani aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake ambao mioyo yao ilienda mbio, vifua vikauma na pumzi zikawaishia, ilhali hakuona ugonjwa wa moyo wa kutosha kueleza hali yao. Hao walikuwa wanaume waliokwisha kukabiliana na risasi.

Kumbuka mambo matatu. Kwanza, shambulio la hofu lenyewe haliui. Pili, aghalabu hufikia kilele katika muda wa dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka, hata usipofanya lolote. Tatu, ni nadra kuzirai katika shambulio la hofu kwa sababu presha ya damu hupanda, ilhali mtu anayezirai kwa kawaida presha yake huwa imeshuka. Wanaoogopa kuona damu au sindano ndio hasa huwa tofauti.

Funzo la Agosti 7

Kuna siku ambayo king'ora hicho kililia katika miili ya maelfu ya wakaazi wa Nairobi kwa wakati mmoja. Ijumaa, Agosti 7, 1998, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Watu 213 walifariki hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Atokaye Eastlands kwa Jogoo Road na Landhies Road huingilia mjini kwa Haile Selassie Avenue, kwa hivyo mahali hapo ni mlangoni pa watu wa huku.

Siku hiyo king'ora hakikukosea, hatari ilikuwapo. Lakini kwa wengi kiliendelea kulia moshi ulipokwisha. Katika muda wa mwezi mmoja hadi mitatu baada ya mlipuko, mtaalamu wa magonjwa ya akili Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba asilimia 35 yao walikuwa na dalili zinazokaribia zile za maradhi yanayofuata mshtuko mkubwa.

Watafiti hao walitazama pia ni nani walioelemewa zaidi. Kulikuwa na waliojeruhiwa, waliofiwa, na waliopata shida za pesa baada ya mlipuko. Hayo hayashangazi. Lakini katika orodha hiyo kulikuwa na jambo jingine: watu ambao hawakumweleza rafiki yaliyowasibu.

Msomaji, lisome jambo hilo tena. Huwezi kuyarudisha nyuma majeraha wala kumfufua aliyekufa. Kumweleza rafiki unaweza, tena leo.

Kabla ya kusema "ni hofu tu"

Hata hivyo, tahadhari. Si kila kifua kinachobana ni hofu. Yako maradhi yanayofanana nayo: ugonjwa wa moyo, pumu, upungufu wa damu, sukari iliyoshuka, malaria, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana mtu anayepata shambulio kwa mara ya kwanza anapaswa kupimwa na daktari.

Nenda hospitalini mara moja, usiku au mchana, ukipata yafuatayo:

- Maumivu au uzito kifuani unaodumu zaidi ya dakika chache, au unaosambaa hadi mkononi, begani, shingoni, kwenye taya au mgongoni.
- Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi au ukibeba mzigo, na kupungua ukipumzika.
- Kuzirai, kukohoa damu, au kukosa pumzi huku mguu mmoja umevimba na kuuma.
- Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au maneno kuvurugika.

Ongeza tahadhari ikiwa umepita miaka 40, una presha au sukari, au unavuta sigara. Kukiwa na shaka, afadhali uende bure kuliko ukose kwenda.

Lakini kupimwa vizuri mara moja si sawa na kupimwa mara kumi. Ukishapimwa na daktari unayemwamini, ukaambiwa moyo ni mzima, kila safari mpya ya zahanati itakutuliza kwa siku mbili tu, kisha shaka itarejea ikiwa na njaa zaidi. Fundi alinunua utulivu kwa cherehani, nao haukudumu.

Mambo yanayoilisha hofu

Kukwepa. Fundi aliposhuka matatu, hofu ilipungua. Akili yake ikajifunza somo la uongo: "Nimepona kwa sababu nilishuka." Kumbe ingepungua hata angebaki kitini. Kesho yake matatu ikawa adui. Mtu anayekwepa hivyo huanza kwa matatu, akaja kuacha soko, kanisa au msikiti, na hatimaye hata mlango wa nyumba ukamshinda.

Kujichunguza. Ukiusikiliza moyo wako usiku kucha utausikia ukiruka pigo. Mioyo mizima huruka pigo mara kwa mara. Wenye mioyo hiyo hawasikilizi tu.

Vileo na vichangamsho. Chang'aa na bia hutuliza kwa saa chache, lakini pombe inapotoka mwilini hofu hurudi kwa nguvu, aghalabu alfajiri. Miraa na muguka huharakisha moyo na kufukuza usingizi. Chai ya rangi kali na kahawa za jioni pia zina mchango wao.

Vidonge vya kulala. Wako wanaonunua Valium dukani bila cheti cha daktari. Dawa za jamii hiyo hutuliza upesi, lakini mwili huzizoea katika majuma machache, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta hofu kubwa kuliko ya kwanza, hata kifafa. Ikiwa tayari unazitumia kila siku, usiache peke yako. Mwone daktari akupunguzie polepole.

Kunyamaza. Hili tumekwisha kulisema, na ndilo linaloshinda yote kwa wanaume wa mitaa yetu.

Ufanye nini hofu inapokuja?

1. Itaje kwa jina. Jiambie: "Hiki ni king'ora. Nimekisikia hapo awali. Kitanyamaza." Ukiiita kifo, itakua.

2. Usikimbie. Ikiwa uko ndani ya matatu, baki kitini. Ikiwa uko sokoni, simama hapo ulipo. Tazama saa na uihesabu ile dakika ya kumi.

3. Punguza mwendo wa pumzi. Weka mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo likiinuka. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Ule ushauri wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uache. Unaweza kumdhuru mtu ambaye kumbe ana ugonjwa wa moyo au mapafu.

4. Usishindane nayo. Claire Weekes, daktari wa Australia aliyeandika sana juu ya hofu kuanzia 1962, aliwafundisha wagonjwa wake kuikabili, kuikubali, kuelea juu yake na kuuacha muda upite. Asiyejua kuogelea huzama kwa sababu ya kupiga maji; akilala chali maji humbeba.

5. Endelea na ulichokuwa ukifanya. Ulikuwa unaosha vyombo? Viishe. Ulikuwa unashona? Maliza pindo.

Mara ya kwanza huenda mambo haya yasifaulu sana. Yafanyie mazoezi mchana ukiwa umetulia, ili usiku uyakute yamekaa tayari.

Kurudi hatua kwa hatua

Kilichochukuliwa na hofu hurudishwa kidogo kidogo. Fundi angeanza hivi: juma la kwanza aketi ndani ya matatu iliyosimama stejini Jericho, akiwa na mkewe, kwa dakika kumi, kisha ashuke. Juma la pili apande nayo vituo viwili, wakati wa mchana barabara ikiwa tupu. Juma la tatu afike City Stadium. Kisha aende peke yake. Mwisho aingie Landhies Road saa moja asubuhi, msongamano ukiwa umekaza.

Kanuni ni mbili. Usiondoke hofu ikiwa juu. Subiri ishuke angaa nusu. Na usiruke ngazi. Ukishindwa na hatua moja, rudia ile iliyotangulia, usirudi chini kabisa. Ikiwa daktari amekuhakikishia moyo wako ni mzima, panda ngazi za ghorofa kwa kasi kila siku ili uusikie ukidunda bila hatari. Ni njia nzuri ya kufanya urafiki nao upya.

Hofu iliyo nyuma ya hofu

King'ora kikinyamaza, mara nyingi hubaki swali. Nalo si la dawa. Ukimuuliza mtu kwa upole, "Unapofikiria kufa, ni nini hasa kinachokuogopesha?", huenda asitaje kaburi. Atasema: "Watoto wangu wataishi na nani?" Au: "Nitaiacha familia na deni." Au: "Kakangu alikufa bila kuniaga."

Mambo hayo yana majina, na yenye majina yanaweza kufanyiwa kazi. Keti na mwenzi wako jioni moja mzungumze: watoto wabaki na nani, stakabadhi ziko wapi, ni nani anayedai na ni nani anayedaiwa. Andika wosia; sheria ya urithi ya Kenya inakubali wosia wa maandishi uliotiwa sahihi na kushuhudiwa na watu wawili, na ni bora mashahidi hao wasiwe warithi. Jiunge na chama cha kufaana, kama hivyo vingi vilivyomo mitaani, vinavyosaidia familia mwanachama anapofiwa. Si uchuro kufanya hivyo. Wengi hulala vizuri zaidi usiku wa siku waliyoyazungumza haya kuliko miezi yote waliyoyakwepa.

Na kama ni huzuni ya mtu aliyefariki, ilie. Fundi alirudi kazini siku ya tatu baada ya mazishi ya kakake kwa sababu kodi ilikuwa ikimngoja. Hakulia. Mwezi mmoja baadaye, mwili wake ulilia kwa niaba yake ndani ya matatu.

Imani pia ni nguzo kwa wengi, na kiongozi wa dini mwenye busara ni msikilizaji mzuri. Lakini jihadhari na yeyote anayekwambia umerogwa na kudai pesa ili akutoe, au anayekutaka uache dawa ulizoandikiwa na daktari.

Msaada unapatikana wapi?

Anzia karibu. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaotembelea nyumba mitaani, vifaa vya kupimia presha na sukari. Wanaweza kukuelekeza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kwa wakaazi wa Umoja, Komarock, Kayole na Donholm, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali. Kwa ushauri wa simu, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari 1199 isiyotozwa malipo.

Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, imekuwa tusi midomoni mwa watu wa Nairobi. "Huyu apelekwe Mathari," tunasema tukicheka. Dhihaka hiyo huwazuia watu kutafuta tiba. Wengi huhudumiwa katika kliniki za Mathari kisha wakarudi nyumbani siku iyo hiyo.

Tiba ni za aina mbili. Ya kwanza ni mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, anayekusaidia kuzitambua fikira zinazowasha king'ora na kukurudisha hatua kwa hatua mahali unapopakwepa. Ya pili ni dawa kama fluoksetini au sertralini. Hizi hazilewezi wala hazileti uraibu kama wa Valium, lakini huchukua majuma kadhaa kuonyesha nguvu, na haziachwi ghafla. Daktari ndiye atakayeamua iwapo unazihitaji.

Usidhani mazungumzo ni mambo ya Wazungu au ya matajiri. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa Nairobi kwa wanawake 421 wenye msongo wa mawazo, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao si madaktari, walifunzwa kuongoza vikao vitano. Miezi mitatu baadaye, waliopata vikao hivyo walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Na ikiwa hofu imekuchosha kiasi cha kutamani kujimaliza, hilo si jambo la kungoja Jumatatu. Mwambie mtu sasa hivi, asikuache peke yako, akupeleke hospitalini.

Kwa jamaa na marafiki

Usimcheke. Usimwambie "acha uoga" au "jikaze wewe ni mwanamume". Kama angeweza kujikaza angekuwa amejikaza zamani. Wakati huo huo, usimfanyie kila kitu. Ukienda sokoni badala yake, ukamnunulia kila kitu ili asitoke, unaifuga hofu yake nyumbani. Mwandame hadi stejini. Shambulio likija, keti naye, pumua polepole ili akufuate, na umkumbushe: "Hata lile la juzi lilipita."

Mkewe Fundi alipoambiwa ukweli hatimaye, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba yeye pia, tangu mazishi yale, huamka usiku kuhakikisha mumewe anapumua. Watu wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja akiwa macho, kila mmoja akificha jambo lile lile.

Hatuwezi kukuahidi, msomaji, kwamba hutakufa. Hakuna daktari awezaye kuahidi hivyo. Tunachoweza kukuambia ni kwamba kifo huja mara moja, ilhali hofu yake, ukiiachia, inaweza kukuua kila usiku. Leo jioni, kabla ya kulala, mwambie mtu mmoja. Hadi juma lijalo, tunakutakia usingizi mwema.